Kompyuta Kubwa Huchaguaje Diski?

Wenzangu mnaosoma kompyuta hapa London huwa mnaniuliza: mainfremu ni za nini siku hizi? Jibu fupi ni kwamba mabenki na mashirika ya bima bado yanazitumia. Leo nieleze jambo moja tu, lililonitoa jasho nilipokuwa kwenye mafunzo ya kazi katika kampuni moja ya hapa mjini.

Usiku mmoja kazi ya mishahara ilikwama. Mfumo ulisema hakuna nafasi ya faili jipya. Nikatazama orodha ya diski, nikaona moja karibu tupu kabisa! Nikasema huu mfumo ni mbovu. Kumbe mimi ndiye sikuelewa.

Kwenye mfumo wa z/OS, anayegawa nafasi ni DFSMS ya IBM. Zamani mtu alitaja mwenyewe diski anayoitaka. Siku hizi faili likiombwa, kanuni alizoandika msimamizi wa hifadhi huangalia mambo kama jina lake, ukubwa wake na nani anayeliomba. Kisha hulipangia daraja la muundo, la huduma na la utunzaji, na mwisho kundi la diski. Humo ndani ndimo mchujo unamofanyika:

1. Fungu la kwanza ni diski zilizotimiza masharti yote: ziko wazi, zinafaa kwa huduma iliyoombwa, na faili likiingia hazitavuka kikomo kilichowekwa, tuseme asilimia 85. Kati ya hizi hutazamwa ipi haina foleni ndefu, ili mzigo ugawanyike.

2. Fungu la pili ni zile zilizopungukiwa sharti fulani, mfano zitakazovuka kikomo, au zilizopumzishwa na msimamizi. Hizi hujaribiwa la kwanza likishindikana.

3. Fungu la tatu hutumika pale kundi lina diski chache kuliko idadi iliyoombwa.

4. Zilizokataliwa ni zile zilizozimwa au zilizofungiwa mafaili mapya. Haziguswi, hata ziwe tupu namna gani.

Ile diski yangu ilikuwa fungu la nne, jamani! Ilikuwa inahamishwa vitu ili iondolewe. Nyingine zilikuwa na nafasi, lakini imekatika-katika. Na kwa kawaida nafasi ya mwanzo ya faili lazima itoshe kwenye vipande visivyozidi 5 vya diski moja. Basi tukahamishia mafaili ya zamani kwenye tepu, tukairudia kazi, na watu wakalipwa asubuhi.

Si mnajua shida ya kutafuta chumba London? Chumba kuwa kitupu si kwamba kinapangishwa. Na diski ni hivyo hivyo: kabla ya kuuliza nafasi iko wapi, uliza kwanza ni diski ipi inayoruhusiwa kupokea.

Mwenye swali tuonane kwenye mkutano wa chama.