Jiko la Nje: Tulijenge Wenyewe Likizo Hii

Nilipopewa kurasa hizi niliamua kutoandika kuhusu nidhamu wala mapenzi ya shuleni, maana wenzangu wameyachambua mambo hayo mpaka yakabaki mifupa. Mimi nitaandika kuhusu moshi. Nitaeleza jinsi mwanafunzi mwenye panga, jembe na mikono miwili anavyoweza kuwajengea wazazi wake jiko la nje katika likizo ndefu ya Novemba na Desemba.

Najua kuna watakaoguna, "Kwani nyumbani hakuna gesi?" Gesi ipo, hata kule mashambani siku hizi imefika. Lakini tuambiane ukweli. Ni nani anayechemsha githeri ya watu kumi kwa gesi? Maji ya kuoga ya familia nzima je? Na mtungi ukiisha tarehe kumi na tano, mama hurudi wapi? Hurudi kwa mafiga matatu, ndani ya kijumba chenye kidirisha cha ukubwa wa daftari, na kuta zilizopakwa masizi zikang'aa kama viatu vya mwalimu wa zamu.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakukosea, ila sayansi ina la kuongezea. Moshi ni kuni ambazo hazijaungua. Ukuni ukipashwa joto hutoa gesi, na gesi hizo zikikutana na hewa ya kutosha pamoja na joto kali, huwaka. Ndiyo ile miali tunayoiona. Zikikosa hewa, au zikipoa upesi kwa sababu moto umetawanywa na upepo, hupaa zikiwa moshi na kuingia machoni na kifuani mwa mpishi. Kwa hiyo jikoni mkifuka sana, mnapoteza kuni na mnapoteza afya kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, na zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka 5. Si ajabu. Mtoto mchanga hukaa mgongoni mwa mama, na mama hukaa kwenye moshi.

Basi jiko zuri lina kazi mbili tu. Ya kwanza ni kuzifanya kuni ziungue kabisa. Ya pili ni kuupa moshi mdogo unaobaki njia ya kutokea. Mengine yote ni pambo.

Kabla hujachimba shimo hata moja, nenda kwa mwenye jiko. Hapa ndipo wajenzi wengi hodari huaibika, hasa sisi wavulana tunaodhani kwamba mwenye nyundo ndiye mwenye maarifa. Muulize mama au nyanya yako anapenda kupika akiwa ameketi juu ya kigoda au akiwa amesimama. Muulize mkono wake wa mwiko ni upi. Mwangalie anaposonga ugali. Sufuria husukumwa kwa nguvu, huku na huku, na anayesonga huinama juu yake. Jiko jepesi au lililo juu mno litacheza, na ugali wa moto ukimwagika miguuni si mchezo. Nimeona majiko ya kisasa yakigeuzwa kiota cha kuku kwa sababu hii moja: hayakuweza kuhimili ugali. Keti mbele yake na rula yako, pima kutoka chini hadi kwenye goti akiwa ameketi. Hicho ndicho kimo cha juu kabisa cha jiko, na aghalabu huwa kati ya sentimita 35 na 45.

Sasa mahali. Jambo kubwa ni upepo. Funga utepe wa kitambaa kwenye mti mrefu, uusimike uani, uutazame asubuhi, mchana na jioni kwa siku nne au tano. Wale wa kando ya Ziwa Victoria mnajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani na usiku hugeuka. Wenzetu wa Pwani wana kusi na kaskazi, kwa hiyo utepe wa Desemba hauwezi kuwaambia habari za Julai. Hapo waulize wazee. Ukishajua upepo unaotawala saa za kupika, weka jiko mahali ambapo moshi hautaelekea kwenye nyumba ya kulala. Hatua nane hadi kumi kutoka kwenye nyumba zinatosha. Ukienda mbali sana, siku ya mvua mama atakulaani kimoyomoyo, na sufuria ya mchuzi itasafiri gizani. Kaa mbali na choo na mbali na paa la nyasi, na uchague mahali palipoinuka kidogo ili maji ya mvua yasiingie.

Kijumba chenyewe si kazi kubwa. Chukua urefu wa mita 3 na upana wa mita 2.5. Nguzo sita za mikaratusi zinatosha, tatu kila upande wa urefu. Upande mmoja uwe na nguzo ndefu za mita 3.3, na upande wa pili mita 2.8. Zote zichimbiwe sentimita 60, na mashimo yashindiliwe kwa mawe na udongo. Tumia kamba na timazi. Timazi ni jiwe tu lililofungwa uzi, huhitaji kununua. Mchwa hupenda mikaratusi kuliko sisi tunavyopenda chapati, kwa hiyo watu wengi hupaka sehemu ya chini ya nguzo mafuta machafu ya gari. Ukifanya hivyo, usiyamwage karibu na mboga wala kisima.

Upande wa nguzo fupi uelekee upepo unakotoka. Jenga hapo ukuta wa fito na udongo wenye kimo cha mita moja na nusu hivi, juu yake uache wazi. Pande mbili za kando zipate ukuta wa kufika kiunoni. Upande wa nguzo ndefu uache wazi kabisa. Kwa nini? Moshi wa moto hupanda, hugonga bati, kisha huteleza kufuata mwinuko wa paa hadi pale palipo juu zaidi, na upepo unaopita juu ya ukuta huusindikiza nje. Paa ndilo dohani lako. Ukiligeuza, upande wa juu ukielekea upepo, moshi wote utarudishwa usoni mwa mpishi.

Kwa paa hilo, mabati matano ya mita 3 yatatosha na kubakiza ukingo pande zote. Kila bati lilalie jirani yake kwa wimbi moja na nusu, na misumari ya mabati ipigwe juu ya mgongo wa wimbi. Ukipiga bondeni, maji ya mvua yatafuata msumari hadi ndani ya mchuzi. Kama hujawahi kupanda juu ya paa, mwite fundi wa jua kali kwa kazi hiyo ya nusu siku. Nyasi zina uzuri wake, lakini cheche hazijui uzuri.

Sasa tumefika penye moyo wa jambo, yaani jiko lenyewe. Magharibi mwa Kenya kuna chombo cha udongo wa kuchomwa kiitwacho jiko la Upesi. Zamani kiliitwa jiko la Maendeleo, kwa sababu katika miaka ya 1980 kilienezwa pamoja na chama cha Maendeleo ya Wanawake. Ukikiona mara ya kwanza utadhani ni chungu kilichotobolewa: duara pana, tundu moja kubwa mbele la kuingizia kuni, na nundu tatu ndani ya mdomo wa juu za kukalia sufuria. Hebu fikiria mafiga matatu yaliyounganishwa yakawa ukuta mmoja. Moto hautawanyiki na upepo hauuchezei, kwa hiyo joto hupanda, gesi za kuni hupata nafasi ya kuwaka, na miali hugusa tako la sufuria badala ya kulamba hewa. Kuni zinazotumika ni kidogo kuliko za mafiga. Ajuaye uzito wa mzigo wa kuni kichwani hahitaji kuelezwa maana ya hilo.

Nunua vyombo viwili, kimoja cha ugali na kingine cha mboga. Kwanza jenga jukwaa la mawe na udongo lenye urefu wa mita moja na nusu na upana wa sentimita 70. Pima urefu wa chombo, uutoe kwenye kile kipimo cha goti. Kinachobaki ndicho kimo cha jukwaa. Liweke karibu na upande ulio wazi, ili mpishi akae akiupa upepo mgongo na moshi uende mbele yake. Panga vyombo juu yake, midomo ya kuni ikimwelekea mpishi, kisha uvizungushie udongo wenye unene wa sentimita 10 au zaidi. Usivibane vikiwa vikavu. Vilowanishe kwanza, la sivyo vitanyonya maji ya udongo na udongo utapasuka.

Udongo huo ni kazi ya siku mbili. Chukua sehemu mbili za udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi kwa sehemu moja ya mchanga, utie nyasi kavu zilizokatwakatwa, mwagia maji kidogo kidogo, ukanyage kwa miguu. Waite wadogo zako wakanyage pia, watafurahi. Uache ulale usiku kucha, kisha ukanyage tena. Ili kuujaribu, finyanga tonge la ukubwa wa chungwa na uliachilie kutoka usawa wa kiuno. Likimwagika kama unga, mchanga umezidi. Likilala kama mandazi yaliyokaliwa, maji yamezidi. Likipata nyufa mbili tatu na kubaki duara, endelea na kazi.

Watu huniuliza kuhusu saruji. Saruji ni nzuri kwa sakafu, lakini karibu na moto hupasuka, kwa kuwa ule ugumu wake una maji ndani na joto kali huyafukuza. Mawe ya mtoni nayo usiyaweke karibu na moto hata kidogo. Hubeba maji katika vitundu vyake, na maji hayo yakigeuka mvuke jiwe huweza kulipuka na kumrushia mtu vipande usoni.

Je, tunahitaji bomba la moshi? Kwa kijumba hiki cha wazi, naona hapana. Bomba lisilopanguswa hujaa masizi na kuziba, na wengi wetu si wapangusaji. Hali ni tofauti mahali penye baridi au penye wanyama wa mwitu, ambapo watu lazima wapike ndani. Kati ya mwaka wa 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo sasa linaitwa Practical Action, lilishirikiana na familia za Kajiado na za magharibi mwa Kenya kutafuta njia za kupunguza moshi. Walijaribu kupanua madirisha, kuacha nafasi kati ya ukuta na paa, na kuweka juu ya moto kofia kubwa ya bati yenye bomba la kutokea nje. Kofia hiyo ndiyo iliyosaidia zaidi nyumba za Wamaasai. Kwa hiyo, kama kwenu hakuwezekani kupika nje, anzieni hapo.

Jiko likishamalizika, usiliwashe! Najua hamu itakuwa nyingi, na majirani watakuja kutazama. Liache likauke kivulini wiki mbili nzima, na kila siku uzibe nyufa kwa udongo laini uliochanganywa na majivu. Ndiyo maana nasema anzeni mwanzo wa likizo. Moto wa kwanza uwe wa vijiti tu, robo saa, kisha uzimwe. Kesho yake ongeza kidogo. Siku ya nne injika maharagwe, kwa sababu huchukua muda mrefu na utapata nafasi ya kuchunguza mwenendo wa moshi.

Ukiona bado unafuka, usilaumu jiko kabla hujaangalia kuni. Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na moto hulazimika kuyachemsha hayo kwanza kabla ya kuchemsha maji yako. Pasua kuni ziwe nyembamba kama mkono wa mtoto, uzipange kwenye uchaga chini ya paa, upande wa ukuta, miezi kadhaa kabla ya kuzitumia. Ingiza mbili au tatu kwa wakati mmoja, uzisukume ncha zinapoisha. Usiujaze mdomo wa jiko, maana hewa nayo hupita papo hapo. Kila asubuhi zoa majivu, na ndoo ya mchanga isikose pembeni kwa ajili ya moto ukorofi.

Mchoro wenye vipimo vyote nimeubandika kwenye ubao wa Chama cha Kiswahili, karibu na mlango wa maktaba. Anayetaka kuunakili aje na penseli wakati wa mapumziko ya saa nne, na tafadhali asiubandue.