Maktaba za programu: Heri nakala moja ya pamoja au kila programu na yake?

VIJANA wanaosomea teknolojia ya tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Kisii, Kisii National Polytechnic na vyuo vya kiufundi vya Nyamira hukumbana mapema na swali linaloonekana dogo. Wanapounda programu kutoka kwa msimbo asilia, je, watumie maktaba zilizofungashwa pamoja na programu hiyo au zile ambazo tayari zimo kwenye tarakilishi?

Jibu huamua jinsi rekodi za wagonjwa, wanafunzi au wanachama wa sacco zitakavyokingwa upesi pindi dosari inapogunduliwa.

Msimbo asilia ni maagizo jinsi yalivyoandikwa na mtaalamu, kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Maktaba nayo ni mkusanyiko wa maagizo yaliyoandikwa tayari kwa kazi zinazojirudia, kama vile kubana faili, kuonyesha picha au kulinda siri za mawasiliano. Waandishi wa programu huazima maktaba hizi badala ya kuanza kila kitu upya.

Kuna njia mbili za kuazima. Katika ya kwanza, programu hubeba nakala yake yenyewe. Katika ya pili, nakala moja huwekwa kwenye tarakilishi na kutumiwa na programu zote.

Mkulima wa majani chai ataelewa upesi. Wakulima wengi wa Nyamira hupeleka majani mabichi katika kiwanda kimoja, kama vile cha Kebirigo au Sanganyi. Mtambo ukirekebishwa, wote hunufaika. Ukiharibika, wote hukwama. Lau kila mkulima angekuwa na mtambo wake, hitilafu ya mmoja isingemgusa jirani, lakini fundi angelazimika kubisha kila mlango.

Ndivyo ilivyokuwa Machi 2002, dosari ya kiusalama ilipotangazwa katika zlib, maktaba ya kubana data. Kurekebisha nakala ya pamoja kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kusaka programu nyingi zilizokuwa zimejibebea nakala zao.

Aprili 2014 ilifichuliwa dosari ya Heartbleed katika OpenSSL. Waliotumia maktaba ya pamoja walisasisha kifurushi kimoja, kisha wakazima na kuwasha upya huduma zilizokitumia. Septemba 2023 ikawa zamu ya libwebp, maktaba ya picha. Kwa kuwa Chrome, Firefox na programu nyingine nyingi hubeba nakala zao, kila moja ilihitaji marekebisho yake.

Isitoshe, nakala nyingi hula nafasi ya diski na kumbukumbu. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la data, kusasisha maktaba moja ni nafuu kuliko kupakua upya programu kumi.

Hata hivyo, kufungasha kuna manufaa yake. Programu huendeshwa na toleo lile lile ambalo mwandishi alilijaribu. Pia, kifurushi kimoja chenye kila kitu hubebeka kwa diski hadi shule isiyo na intaneti. Maktaba ya pamoja ikibadilishwa, programu ya zamani yaweza kugoma.

Ndiyo maana mradi wa Debian huwataka watunzaji wa vifurushi kuepuka nakala zilizofungashwa panapowezekana, bila kuzipiga marufuku kabisa.

Anayeunda programu aanze kwa kusoma maelezo ya usakinishaji. Amri ya "./configure --help" huorodhesha chaguo zilizopo, zile zenye neno "system" aghalabu humaanisha maktaba ya pamoja. Baada ya kuunda, amri ya "ldd" huonyesha maktaba za pamoja ambazo programu inategemea. Iwapo lazima abebe nakala, aandike jina na toleo lake, na afuatilie matangazo ya usalama.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtaka anayehifadhi habari za watu kuchukua hatua za kuzilinda. Zahanati au sacco isiyojua programu zake zimebeba nini haiwezi kujua ni lini inapaswa kuzirekebisha.