Masharti ya Umbali

Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa takribani kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, ilhali mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia baina ya miji hiyo miwili haufiki kilomita 1,100. Mstari huo ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia, na ndio unaofuatwa na marubani kadiri hali ya hewa na sheria za anga zinavyoruhusu. Vipimo vyote viwili ni sahihi, kwa kuwa umbali hautokani na miji peke yake, bali hutokana na miji pamoja na kanuni iliyotumika kupimia.

Swali lililowashughulisha wanahisabati, basi, ni kanuni ipi inastahili kuitwa umbali. Jibu linalokubalika hadi leo lilitolewa na Mfaransa Maurice Fréchet katika tasnifu yake ya mwaka 1906. Kwa maelezo ya leo, umbali hauwi pungufu ya sifuri, na huwa sifuri pale tu vitu viwili vinapokuwa kitu kimoja. Kwenda ni sawa na kurudi. Na anayepitia mahali pa tatu hawezi kupata njia fupi kuliko umbali wa moja kwa moja, sharti ambalo huitwa kanuni ya pembetatu. Masharti haya yanaonekana mepesi mno, hata mtu akashangaa kwamba yalihitaji mtaalamu wa kuyaandika, lakini mengi yanayoitwa umbali katika maisha ya kila siku huyavunja.

Muda wa safari ni mfano ulio wazi. Jahazi lililoondoka Maskati wakati wa kaskazi, upepo uvumao takriban kuanzia Desemba hadi Machi, lilisukumwa kuelekea Unguja, lakini nahodha aliyetaka kugeuza tanga mara tu baada ya kupakua shehena alikuwa akishindana na upepo uleule uliomleta, hivyo ilimlazimu kungoja kusi. Umbali ukihesabiwa kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, kwenda na kurudi ni mamoja. Ukihesabiwa kwa siku, sharti la pili limevunjika. Hata hivyo, kwa mfanyabiashara wa mwambao, siku ndizo zilizokuwa na maana, na si haki kusema kwamba alipima vibaya.

Kwa upande mwingine, yapo mambo yasiyo na njia wala mahali ambayo hutimiza masharti yote. Mwaka 1950 Mmarekani Richard Hamming, aliyekuwa akitafuta namna ya mashine kutambua makosa katika taarifa zinazosafirishwa, alipendekeza kwamba umbali baina ya mifuatano miwili ya alama yenye urefu sawa uwe idadi ya nafasi ambazo alama zake hazifanani. Kwa kipimo hicho, "karamu" na "kalamu" zimeachana kwa hatua moja, "kalamu" na "salama" kwa hatua mbili, na "karamu" na "salama" kwa hatua tatu, bila kuzidi jumla ya hatua za kupitia "kalamu", kama kanuni ya pembetatu inavyotaka. Mwaka 1965 Mrusi Vladimir Levenshtein alieleza kipimo kinachohesabu pia herufi zinazoongezwa au kupunguzwa, nacho husaidia programu za kusahihisha tahajia kuchagua neno la kumpendekezea mwandishi.

Angani, kipimo cha karibu bado kinatii kanuni za kawaida. Nuru ya leza inayoelekezwa kwenye vioo vilivyoachwa mwezini kuanzia mwaka 1969 hurudi baada ya takribani sekunde 2.5, na kutokana na muda huo wataalamu wamethibitisha kwamba mwezi unajitenga na dunia kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Mbali zaidi, ulimwengu wenyewe hutanuka nuru ikiwa bado njiani. Nuru ya galaksi iitwayo GN-z11 imesafiri kwa takribani miaka bilioni 13.4, lakini galaksi hiyo sasa iko umbali wa takribani miaka ya nuru bilioni 32, yaani mara bilioni 32 ya mwendo wa nuru kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana mtaalamu wa nyota anayetaja umbali wa galaksi ya mbali bila kusema ni upi hajamaliza sentensi yake.