Namna ya kuchagua baiskeli isiyokuumiza magoti na mgongo

MAUMIVU ya magoti, mgongo na makalio ni jambo ambalo waendeshaji wengi wa baiskeli hulichukulia kuwa sehemu ya safari. Katika maeneo kama Busia, Kisumu na Bungoma, ambako baiskeli ingali inabeba maziwa, mahindi na abiria hata baada ya pikipiki kutwaa sehemu kubwa ya kazi ya bodaboda, anayelalamika huambiwa kwamba atazoea. Hata hivyo, aghalabu maumivu hayo hutokana na baiskeli isiyolingana na kimo cha mwenyewe.

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Mnunuzi huuliza bei, hutazama rangi na ukubwa wa magurudumu, kisha hulipa. Lakini ile inchi 26 au 28 iliyoandikwa kwenye tairi ni kipimo cha gurudumu. Baiskeli mbili zenye magurudumu sawa zinaweza kuwa na fremu za kimo tofauti, na fremu haibadilishwi kwa spana.

Ili kuipima fremu yenye mtaimbo wa juu ulionyooka, simama ukiwa umeupitisha kati ya miguu, nyayo zote mbili zikiwa chini. Pasalie nafasi ya sentimita 2 hadi 5 kati ya mtaimbo na kinena. Ukiugusa, baiskeli hiyo imekuzidi, na siku utakaposimama ghafla utajiumiza. Mtu mfupi, au anayevaa sketi au leso, anaweza kufaidika na baiskeli ya kike ambayo mtaimbo wake umeinama.

Baada ya fremu huja kimo cha kiti. Keti, kisha weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Utakapokanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, kama inavyostahili, goti litabaki limekunjwa kidogo.

Wanaotaka hesabu husimama bila viatu wakiegemea ukuta na kupima urefu kutoka kinena hadi sakafuni, kisha huzidisha kwa 0.883. Kanuni hii ilipata umaarufu kupitia kwa Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka wa 1986, 1989 na 1990. Mwenye sentimita 80, kwa mfano, ataanza na takriban sentimita 70.6 kutoka katikati ya ekseli ya pedali, pale chini ya fremu, hadi juu ya kiti. Hapo atarekebisha kidogo kidogo kadiri mwili unavyomwelekeza.

Mwili wenyewe hutoa ishara. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno; likiuma upande wa nyuma, huenda kiti kimeinuliwa kupita kiasi. Viganja vikifa ganzi au mabega yakikaza, huenda usukani uko mbali au chini mno, au kiti kimeinama mbele na kuutupa uzito mikononi. Kwa safari za kawaida, usukani ulio sawa na kiti au juu yake kidogo huupunguzia mgongo kazi. Nacho kiti laini sana si dawa ya makalio, kwa kuwa mifupa huzama na sehemu nyororo za mwili zikabanwa. Ganzi ya kinena isipuuzwe.

Unapoinua kiti, usivuke alama iliyochorwa kwenye nguzo yake, maana nguzo inaweza kuvunjika au kuchomoka ukiwa njiani.

Wazazi nao wajihadhari na desturi ya kumnunulia mtoto baiskeli kubwa wakitarajia kwamba ataikulia. Mtoto asiyefikia ardhi wala kushika breki vyema yumo hatarini tangu siku ya kwanza.

Kwa anayekwenda kilomita 2 sokoni, kasoro hizi ni kero tu. Kwa mchuuzi anayekanyaga pedali kutwa nzima akiwa na mzigo, goti likiharibika riziki nayo husimama. Hivyo basi, kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka akuruhusu kuipanda baiskeli, na fundi akurekebishie kiti ukiwa umekikalia.