Mitungi ikikauka, usikimbilie mbolea

MBARARA, Uganda

Anayesafirisha maua ya vyungu hadi Mbarara anaijua hasara ya mzigo unaonyauka kabla haujapata mnunuzi. Mmea unaowatesa wengi ni ule wa mtungi, ambao kitaalamu huitwa Nepenthes. Wateja huupendea mitungi inayoning'inia kwenye ncha za majani na kunasa wadudu. Wiki chache baadaye mitungi hukauka, majani mapya hutoka bila mitungi, na mwenye mmea huumwagia mbolea. Mara nyingi mbolea hiyo ndiyo inayoumaliza.

Asili ya mmea inaeleza sababu. Aina nyingi hutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ingawa Bahari ya Hindi nayo ina zake. Mfaransa Étienne de Flacourt aliandika kuhusu mmea huu wa Madagaska mwaka 1658, na Shelisheli ina aina yake katika visiwa vya Mahé na Silhouette. Huota kwenye udongo maskini, na chakula ambacho udongo hauna huupata kwa wadudu wanaozama mtungini. Kwa hiyo samadi na udongo wa shamba la matoke, ambao ni fahari ya Isingiro, huunguza mizizi yake.

Maji kwanza

Maji ya kisima na ya bomba mara nyingi huwa na madini, nayo hujilimbikiza chunguni. Maji ya mvua ndiyo salama. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kama ilivyo Mbarara, paa la bati na pipa safi vinatosha. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi, kisha maji yakingwe. Kwa kuwa Juni hadi Agosti ni kiangazi, akiba iwekwe mvua za Machi hadi Mei zinaponyesha.

Chungu kiwe na matundu na kisikae ndani ya maji. Makumbi ya nazi yaliyooshwa chumvi vizuri, yakichanganywa na changarawe isiyo na chokaa, hushika unyevu huku yakiruhusu mizizi kupumua.

Hewa na mwanga

Mtungi hautoki kama hewa ni kavu au chumba kina giza. Chungu kikae karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, mbali na jiko la mkaa. Jua kali la mchana lichujwe kwa pazia jepesi. Kukusanya mimea kadhaa pamoja husaidia kuongeza unyevu wa hewa.

Mbarara iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku huwa na ubaridi. Aina za milimani na machotara yanayouzwa sana madukani huvumilia hali hiyo, lakini aina za nyanda za chini zenye joto hupata taabu. Muuzaji aulize aina kabla ya kulipa.

Mmea uliotoka safarini hupoteza mitungi hata ukitunzwa vizuri. Mtungi mzee uliokauka si dalili ya kifo, kwa hiyo ukatwe tu. Kinachotazamwa ni jani jipya. Likitoka lenye afya, mmea unazoea mahali pake, ingawa mitungi inaweza kuchukua miezi. Kuujaza nyama mtungi huuozesha.

Kuvuka mpaka

Mimea yote ya jamii hii imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo kuivusha mpaka huhitaji kibali. Pamoja na kibali hicho kuna cheti cha afya ya mimea. Uganda hukitoa kupitia wizara ya kilimo, na Kenya kupitia KEPHIS. Hati rahisi ya asili ya bidhaa, inayotumiwa na wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, haichukui nafasi ya karatasi hizo. Anayefika Mutukula au Katuna bila hizo anaweza kunyang'anywa mzigo mzima.

Kwa anayeanza, ni afadhali kununua miche michache, kuitunza hadi itoe majani mapya hapo hapo Mbarara, ndipo aiuze. Mteja akiambiwa wazi kwamba mmea unataka maji ya mvua na hautaki samadi, hatarudi na lawama. Huenda akarudi kununua mwingine.