Ukali wa Tairi Si Kutoa Meno

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo nimelifundisha kwa miaka mingi pasi na kulielewa barabara. Neno lenyewe ni "kali". Kisu kikali ni kile kikatacho; pilipili kali ni ile iwashayo; jua kali ni lile lichomalo. Mwalimu mkali naye, kama wanafunzi wajuavyo, aghalabu ni yule akunjaye uso kabla hata hajafungua kitabu. Katika mifano mitatu ya kwanza ukali ni kazi. Katika ule wa nne waweza kuwa sura tu. Tofauti hiyo, ambayo mwanaisimu angepaswa kuijua zamani, mimi nilikuja kufunzwa na matairi.

Naishi viungani mwa Kitengela, katika nyanda za Athi, na kila siku ya kazi huendesha pikapu yangu hadi chuo kikuu jijini Nairobi. Kilomita 3 za kwanza ni za ule udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua hunata kama ulimbo. Kilomita 30 na ushei zinazofuata ni za lami. Mvua za masika ya mwaka 2024 ziliponikwamisha mara mbili katika juma moja, niliapa kununua matairi makali kuliko yote.

Muuzaji alinionyesha tairi lenye meno makubwa kama ngumi ya mtoto. "Mwalimu, ukivaa haya hukwami tena," akasema. Hakuniuliza natumia barabara gani, wala mimi sikumweleza. Ninakiri pia kwamba yaliipendeza nafsi yangu. Pikapu ilisimama kwa madaha kama fahali wa mashindano.

Matopeni hayakuniangusha. Lakini asubuhi moja, katika manyunyu, nilikaribia kivuko kilicho mbele ya shule ya msingi. Watoto walikuwa wakivuka. Nilikanyaga breki mapema, kama nilivyozoea, na gari likaendelea kuteleza polepole, likavuka mistari myeupe na kusimama hatua mbili tatu kutoka kwa mtoto wa mwisho. Alisimama na mkoba wake mgongoni, akinitazama. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo, siku hiyo nilisomesha somo la saa mbili nisilolikumbuka hata kidogo.

Breki zilikaguliwa zikapatikana nzima. Kosa lilikuwa la uteuzi wangu. Tairi la matope huachiwa nafasi pana baina ya meno ili udongo ujitupe nje linapozunguka. Nafasi hizo ni mpira uliopunguzwa. Juu ya lami, kinacholishika gari ni mpira unaogusa barabara, na penye mapengo hakuna kinachogusa. Mifereji mipana huondoa maji mengi, ni kweli, lakini ule utandu mwembamba wa manyunyu huhitaji mikato midogo, kama ya wembe, iliyochanjwa juu ya meno yenyewe. Matairi mengi ya matope yana mikato michache mno. Fauka ya hayo, mpira wake aghalabu hukusudiwa kustahimili mawe kuliko kung'ang'ania lami yenye maji.

Kisha kuna kelele, na hapa fonetiki ina la kusema. Tuseme tairi lina safu 40 za meno. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi la kawaida la pikapu huzunguka mara 9 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo lami hugongwa mara 360 hivi kila sekunde. Kipimo hicho kimo ndani ya eneo la sauti ya binadamu, na ndiyo maana mvumo huo hushindana na mazungumzo garini. Watengenezaji hodari hutofautisha ukubwa wa meno kwa makusudi, ili yasigonge kwa mdundo mmoja.

Je, msomaji achague vipi? Jambo la kwanza ni kusoma. Ubavu wa tairi ni maandishi, na maandishi yana sarufi. Tukiona 265/70 R16 112S, tujue kwamba upana ni milimita 265. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. R ni muundo wa radiali. Na rimu ni ya inchi 16. Namba 112 humaanisha kwamba tairi moja lastahimili kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Tarakimu nne zinazohitimisha msimbo wa DOT hutaja juma na mwaka wa kuundwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Alama M+S, yaani matope na theluji, hutiwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kuzingatia umbo la meno. Isichukuliwe kuwa cheti cha kushika lami iliyolowa.

Tena, ukubwa usibadilishwe kiholela. Anayetoka 265/70 hadi 265/75 kwenye rimu ile ile huongeza kipenyo kwa zaidi ya asilimia 3. Kipimamwendo kilichokuwa sahihi kikisoma 80, yeye huwa anakwenda karibu 83. Na matairi yote manne yafanane, hasa kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote.

Jambo la pili ni kuhesabu kilomita. Mkulima au tabibu wa mifugo ashindaye udongoni tangu Jumatatu hadi Jumamosi ana haki ya kununua meno makubwa, mradi apunguze mwendo afikapo lami. Mimi, ambaye katika kila kilomita 11 kumi ni za lami, sikuwa na haki hiyo. Nilirudi dukani nikachagua tairi la barabara zote: meno ya pembeni yamejitokeza, ya katikati yamekaribiana na kujaa mikato myembamba. Mara hii nilieleza njia yangu kabla ya kuuliza bei.

Kuna gharama, sikatai. Siku ambazo mvua imezidi, huliacha gari kwa jirani aliye karibu na lami, nikavaa gambuti na kutembea zile kilomita 3. Jirani hucheka. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, lakini kwenye kivuko cha watoto si mahali pa kupotelea.

Wanafunzi wangu wakiniuliza siku hizi maana ya "kali", huwaambia watazame kazi kabla ya sura. Na kila asubuhi nipitapo pale shuleni huanza kupunguza mwendo mbali, hata kama jua linawaka na barabara ni kavu.