Kilima, Kichuguu au Tuta?

Katika mashamba ya kusini mwa Uingereza, hususan katika jimbo la Wiltshire, yako malundo ya udongo yaliyoinuliwa na watu wa kale juu ya wafu wao. Mfasiri akutanapo nayo huweza kuandika "vilima" au "vichuguu". Twaona kwamba majina hayo hayafai. Kilima ni kazi ya maumbile, na kichuguu ni kazi ya mchwa. Malundo haya ni kazi ya mikono ya watu. "Kaburi" nalo halitoshi. Lundo la West Kennet, lililojengwa yapata mwaka 3650 K.K., lina urefu wa mita 100 hivi, na ndani ya vyumba vyake vitano vya mawe ilionekana mifupa ya watu zaidi ya 30.

Kwa hiyo twapendekeza "tuta la maziko". Kila mkulima ajua kwamba tuta ni udongo uliopandishwa kwa makusudi. Aina zake kuu zitakuwa "tuta refu", la Zama za Mawe za mwisho, na "tuta la mviringo", ambalo aghalabu ni la Zama za Shaba Nyeusi.

Jambo hili si la lugha tu. Tuta la West Kennet lilitajwa katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 ya kulinda mambo ya kale. Sheria ya mwaka 1979 yakataza kuharibu au kuchimba bila idhini tuta lolote lililoorodheshwa. Hata hivyo, mkulima aliyekuwa akilima mahali hapo kihalali aruhusiwa kuendelea, mradi asizidishe kina. Hivyo plau imesawazisha matuta mengi, hata mengine huonekana kwa picha za kutoka angani tu.

Hapa mfasiri ajihadhari na mambo mawili. Kwanza, asiandike "mnara wa kumbukumbu", kwani hapana mnara. "Eneo la kale lililoorodheshwa" latosha. Pili, asiliache neno "lililoorodheshwa", maana orodha ndiyo iletayo ulinzi wa sheria hiyo.

Asomaye "kilima" haoni sababu ya kuzuia plau. Asomaye "tuta la maziko" atambua mara moja kwamba chini yake wamelazwa watu. Twawaomba wasomaji watuletee maoni yao.